Doreen Alizisoma Namba za Mayai

Khasandi mwanangu,

Kalamu mimi siijui, wajua. Ninasema, Doreen binti yako anaandika, na nimemwambia asijaribu kuruka mahali ninapomsifu.

Tangu tukuzike, huyu mtoto amemaliza masomo yake ya kompyuta, akarudi nyumbani na sanduku la kuangulia vifaranga. Akina mama wa Lubao wakatuamini na mayai yao. Ndani ya sanduku kuna kipimajoto kinachotuma joto kwa simu, na hiyo namba ndiyo inamwambia Doreen aongeze moto au apunguze. Joto likizidi, mayai yanaharibika. Likipungua, yanakufa kimya.

Ukurasa wa kusoma hizo namba aliutengeneza mwenyewe, kwa lugha inaitwa JavaScript. Ukaanza kuonyesha upuuzi. Mara namba ndefu kama muwa wa Shianda, mara sufuri na nukta na masufuri yasiyoisha. Mtoto akakataa hata obusuma, ugali wetu.

Kakako Shikuku akaja na domo lake. "Andika tu thelathini na saba na nusu, hao wamama waone wanyamaze." Doreen akamjibu, "Mjomba, yai halisomi simu." Nilicheka nikashika ukuta. Nilikuona wewe pale, Khasandi. Wewe uliyekuwa unaniambianga mbele ya wageni, "Mama, hii mboga umeunguza." Ulinikasirisha. Sasa ninaitamani hiyo sauti, we acha tu.

Wamama wakasikia namba zimeharibika, wakaja kuchukua mayai yao. Nikaweka kiti mlangoni, nikakaa, nikawaambia anayetaka yai apite juu yangu. Nyuma yangu mtoto anabonyeza tu.

Halafu akaniita mimi bibi yake. "Kukhu, nimeipata." Kumbe kipimajoto hakitumi namba kama vile mtu anaiandika. Kinaikata vipande vinne, na nukta imejificha humo humo. Kipande cha nyuma kinatangulia. Programu yake nayo ilidhani kilichotangulia ni cha mbele, ikaunganisha kinyume. Akaongeza neno moja dogo la kuiambia ianzie upande ule mwingine. Namba ikatokea: thelathini na tano nukta tisa. Akachukua kipimajoto cha kioo akahakikisha. Ni kweli, na ni baridi, maana mayai yanataka thelathini na saba na nusu. Akaongeza moto hapo hapo.

Hiyo namba ya uongo ya kakako ingetuulia kila yai, na simu ikiendelea kutabasamu.

Mayai yalianguliwa, mwanangu. Si yote, lakini mengi, mpaka yule mama aliyenitukana pale mlangoni alienda nyumbani na vifaranga wake kwa kikapu akiimba. Watu wa Khwisero wameuliza kama Doreen anaweza kuwatengenezea sanduku lao. Nimewajibu ndiyo kabla hajafungua mdomo. Hapa ananiangalia vibaya. Andika, wewe.

Lala sasa, Khasandi. Huyu uliyeniachia hajapotea, na mimi bado nina nguvu ya kukaa mlangoni. Ninakuahidi hivi: jogoo wa kwanza kutoka kwa hilo sanduku nitampika mimi mwenyewe, na imondo, ile firigisi ambayo hapa kwetu inawekewanga mwanaume, nitaiweka kwa sahani ya Doreen. Shikuku atakuwa ameketi pale pale mezani. Akitaka, anune.

Mimi mama yako