Soli za Pimbi

Jumatatu, 4 Machi 1974
Mvua bado hazijaanza. Nimeshona katambuga za matairi mpaka mchana. Kisha nikamchunguza pimbi aliyenaswa kwenye maharage. Unyayo wake laini, una bonde katikati. Nikiubana kwenye jiwe, unanata. Ndiyo maana wanapanda jabali wima. Nitakata soli hivyohivyo, kwa mpira wa tyubu.

Alhamisi, 7 Machi
Zinashika! Nimepanda jabali la juu ya kijiji, sikuteleza. Mwenyekiti anazitaka kwa wote wanaolima shamba la ujamaa. Nimejiona mtu mkubwa. Jozi ya kwanza nimempa mama mkwe, anayepeleka maziwa kijiji cha Kwai kila asubuhi. Mke wangu Naomi akauliza, "Umezijaribu kwenye maji?"
Nikasema ndiyo. Uongo. Jua lilikuwa kali.

Jumapili, 17 Machi
Masika yameanza. Mama mkwe ameteleza jabalini akitoka kanisani. Paja limevunjika. Tumembeba kwa machela hadi hospitali, Lushoto. Njia nzima hakulia. Mimi nilitazama tu zile soli miguuni mwake.

Jumanne, 19 Machi
Nimevaa jozi nyingine, nikapanda kwenye mvua. Tope linajaza lile bonde, soli inakuwa sabuni. Nimeanguka palepale.
Watu wanasema mama mkwe ameangushwa na uzee. Nimewaacha waseme. Mwoga mimi.
Nimepita nyumba kwa nyumba kuzikusanya jozi zote nilizogawa. Nimesingizia nyuzi mbovu. Uongo mwingine.

Jumamosi, 23 Machi
Hospitali. Nilisimama mlangoni, macho chini. Mkwe hatazamwi hivihivi.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba, baba. Ahsante kwa viatu. Bila viatu hivyo ningeporomoka hadi chini, ningekufa."
Afadhali angenitukana. Nikasema yote. Kwamba sikuzijaribu kwenye maji. Kwamba nilimdanganya Naomi. Kwamba viatu ndivyo vilivyomwangusha.
 
"Mimi nimesikia," akasema. "Naomi je?"

Jumapili, 24 Machi
Nimemwambia Naomi, nyuma ya nyumba. Hakufoka. "Ni mama yangu," alisema, basi. Akachukua ndoo, akashuka mtoni peku.
Manyunyu. Nikachukua jembe, nikaanza kuchimba ngazi kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Udongo mzito. Nikachimba.
Alipopanda na maji kichwani hakunitazama. Ila alizikanyaga ngazi zangu, moja baada ya nyingine.