Tulivyoupanda Mlima wa Ruangwa Kinyumenyume

Ruangwa, Jumamosi usiku, 1953

Imepanda! Kwa mbele ilishindwa, lakini imepanda.

Fundi wa Nachingwea alishaniambia gia ya kwanza imesagika meno, na bei ya kuitengeneza inapita ile niliyomlipa Mzungu wa mashamba ya karanga kwa motokaa nzima. Nikakataa. Leo, tukija harusini kwa wakwe, mlima wa mwisho ukatukomesha. Gia ya pili ikavuta kidogo, ikazima. Radieta ikachemka kama sufuria ya mihogo.

Shemeji Bakari, kaka wa mke wangu, akatukuta hapo na baiskeli yake. "Shemeji, si nilikwambia? Hili gari la kusukumwa! Mtafika harusi imekwisha."

Mke wangu, Mama Zaituni, akaniuliza taratibu kabisa, "Na gia ya kurudi nyuma, nayo imekufa?"

Haijafa, na nguvu yake ni kama ya gia ya kwanza! Tukashuka hadi tambarare, nikaigeuza motokaa, matako yakaelekea mlimani. Mke wangu akatoa kichwa dirishani kuniongoza: "Kulia, Baba Zaituni! Kulia! Haya, kanyaga!" Ikanguruma, ikapanda polepole mpaka juu, watoto wakitushangilia.

Giaboksi bado mbovu, najua. Na breki nazo hazishiki vizuri; kwenye mteremko wa kesho...

Basi, ya kesho ni ya kesho. Shemeji Bakari alikokota baiskeli nyuma yetu mlima mzima, na mlima mzima nilikuwa namtazama usoni.