Mtandao Wako Umekuwa Mzuri Mno

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 17 Agosti.

Mpendwa mwanangu Kiduchu,

Najua ungekuwa hapa ungeniamkia kwanza, kwa hiyo naichukua shikamoo yangu mapema kabla hujaisahau. Marahaba. U hali gani? Nauliza kwa kutaka kujua, kwa hiyo usinijibu "mzima kabisa" kama unavyomjibu mama yako. Sisi huku hatujambo. Presha ya mama yako imetulia, kaka yako ameota kitambi na anakikana, na goti langu la kulia linalalamika kila nikipanda ngazi za stoo. Mengine ni yale yale.

Utashangaa kuletewa karatasi zama hizi. Sababu ni kwamba simu ya video katika nyumba hii ni moja tu, ni ya mdogo wangu, yaani mama yako, na kila ujumbe wako unaoingia anausoma mezani kwa sauti kama taarifa ya habari. Ninayotaka kukuuliza hayafai kusomwa mezani.

Kwanza niungame. Tangu ulipoondoka sikukuamini. Unanijua nilivyo. Miaka ishirini na mbili nahesabu mashuka ya hospitali. Yanatoka mia mbili, yanarudi mia na tisini na sita, na kila mtu anaapa kuwa hajui hayo manne yamekwenda wapi. Kazi hiyo haimwachii mtu moyo mwepesi wa kuamini. Ulituambia uko kwenye meli ya watalii yenye ghorofa kumi na nne na mabwawa mawili ya kuogelea, lakini kila ukipiga tunaona ukuta mweupe wa bati, kitanda cha juu, na pazia la buluu. Nikasema tuonyeshe bahari. Ukanijibu kuwa chumba chenu kiko chini kabisa na hakina dirisha. Meli gani hii, nikajiuliza, haina bahari?

Siku ya tatu ukatuma picha ya maji. Kaka yako akaitazama akasema picha kama hiyo iko kwenye kalenda ya duka la dawa. Jirani yetu msusi naye hakukosa la kuongeza. Akasema aliwahi kumjua binti aliyeaga kwao kwamba anakwenda melini, kumbe alikuwa anauza dukani mtaa wa pili. Nilimwambia anyamaze, lakini maneno yake nililala nayo.

Na hayo maelezo yako ya mtandao, mwanangu, yalikuwa kamili mno. Kwamba intaneti ya melini inatoka kwenye madishi juu ya paa, na wageni elfu tatu wanaigombania kwa wakati mmoja. Kwamba nyinyi wafanyakazi mnanunua kadi ya dakika, na dakika zenyewe zinakwisha ukiwa bado unamsubiri mama yako atafute miwani. Kwamba afadhali ni pale wageni wanaposhuka bandarini, na nyinyi mkipata ruhusa mnakimbilia klabu ya mabaharia kwenye waifai ya bure, mnakaa sakafuni mstari mmoja kila mtu na kwao. Na kwamba siku ya kwanza ulisahau kuiweka simu kwenye hali ya ndege, ikanasa mnara wa meli yenyewe, salio lote likateketea kabla mama yako hajamaliza kusema haloo. Nilisikiliza nikasema moyoni, huyu ana jibu la kila kitu.

Sikatai, kukatika kulikuwepo. Uso wako ulikuwa ukiganda mdomo wazi, na mama yako anakuita kwa kelele kana kwamba uko ng'ambo ya barabara. Ujumbe ulikuwa ukikaa na tiki moja siku tatu, kisha jumbe kumi na moja zinaingia kwa mpigo, za Jumatano zikitangulia za Jumatatu. Tukajua umepona mafua kabla hatujaambiwa kuwa umeyapata.

Basi nikaanza kukuandika. Usicheke. Kwenye ile kalenda ya jikoni, kwa penseli, kila ulipopiga nilitia saa yetu na saa yako. Maana hukupiga ila ulisema, "Nimetoka zamu sasa hivi, huku ni saa tisa." Wiki ya kwanza ulisema saa tisa na kwetu ilikuwa saa saba mchana. Wiki iliyofuata saa tisa yako ikawa saa sita kwetu. Ya tatu, saa tano. Nikasema nimekukamata! Mtu aliye mahali pamoja hawezi kuwa na saa tisa tatu. Nikaona mtoto wa watu anatunga saa ovyo na hakumbuki alizotunga wiki iliyopita.

Nikaibandua kalenda nikaipeleka kwa fundi saa, yule mzee wa kibanda cha kioo aliyekutengenezea saa yako ya shule. Sikumwambia ni ya nani. Akavaa lenzi yake jichoni, ingawa sikuona alihitaji lenzi ya nini kusoma maandishi yangu makubwa, akafuata kwa kidole mstari kwa mstari. Akauliza, "Mama, huyu mtu yuko melini?" Nikamwambia ndivyo anavyodai. Akacheka. "Basi hadanganyi. Huyu anatembea. Anakwenda mashariki, na kila wakifika mbali wanasogeza saa mbele. Ukimwona anaanza kurudi nyuma, jua meli imegeuza."

Na kweli, mwezi wa Julai saa zako zikaanza kurudi, moja baada ya moja. Mwanangu, nilisimama jikoni na penseli yangu nikaona haya. Karatasi niliyoiandika nikutie hatiani ndiyo iliyokutetea. Nilikuomba radhi kimoyomoyo, na sasa nakuomba kwa maandishi. Tangu siku ile niliendelea kuandika kwa furaha tu, nikawa nakwenda na wewe. Saa ikisogea najua mmeng'oa nanga.

Mama yako hajui habari ya kalenda. Anadhani nahesabu siku za mtungi wa gesi.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa. Tangu tarehe tatu ya mwezi huu saa zako hazijasogea. Ziko saa tatu mbele yetu, leo siku ya kumi na nne. Nilidhani nimekosea, nikarudi kwa fundi saa. Safari hii hakucheka. Akasema meli ya watalii hailali bandarini wiki mbili, wageni wangedai nauli zao. Akanirudishia kalenda akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa kisafi.

Na mtandao wako umekuwa mzuri mno. Hukatiki. Hulalamikii dakika. Jumanne ulizungumza na mama yako saa nzima na uso wako haukuganda hata mara moja. Niliona mpaka lile kovu dogo kama ukucha juu ya nyusi yako. Mama yako amefurahi, anawaambia watu meli imefungiwa dishi jipya. Mimi ule uso wako unaokatikakatika ndio niliokuwa nimeuzoea kuuamini. Tena unapiga asubuhi, unapiga mchana, unapiga jioni, na kila mara umetoka zamu sasa hivi. Zamu gani hiyo inayotoka mara tatu kwa siku?

Kuna na pazia. Lile la buluu la kitandani kwenu lilikuwa limenyooka kwenye waya. La sasa ni la kijani kibichi, na Alhamisi ulipojigeuza niliona reli yake juu ya dari. Inapinda kwenye kona. Kiduchu, mimi ndiye ninayetundika mapazia ya wodi nne kila baada ya wiki mbili. Reli inayopinda kona kuzunguka kitanda naijua. Na shuka lililo nyuma yako limekunjwa pembe kama nilivyokufundisha mimi mwenyewe, na wewe nyumbani hukuwahi kukunja hivyo hata siku moja.

Ijumaa nilikwenda ofisi ya wakala aliyekupeleka melini na kifurushi chako cha soksi na mafuta ya kuchua, kama kawaida, wawape wanaokwenda kupanda meli. Karani akatafuta jina lako kwenye kompyuta. Kisha akachukua kalamu akalikata jina la meli nililokuwa nimeliandika, akaandika kitu kingine, akakifunika kwa kiganja. Nikamuuliza amekata nini. "Mama, ni utaratibu tu." Nikamuuliza meli iko wapi. "Kitafika, mama, usiwe na wasiwasi." Sikuwa nimesema nina wasiwasi.

Nitakwambia ninaloogopa, maana wewe unalijua na mimi nalijua, na kuzunguka hakutusaidii. Mwezi wa Juni ulinitumia picha ya mashine yenu ya kunyooshea mashuka, unaringa kwamba ni mara tatu ya ile yetu ya hospitali. Ukaandika kuwa ule ubao wa kuzuia vidole wameung'oa kwa sababu unachelewesha kazi. Nilikujibu papo hapo kwa simu ya mama yako uwaambie waurudishe. Ujumbe wangu ulikaa na tiki moja siku mbili. Ulipopata tiki ya pili hukunijibu, ukaniletea picha ya keki. Na tangu tarehe tatu, katika simu zote hizi za video nzuri, mkono wako wa kushoto sijauona. Wa kulia umeshika simu. Wa kushoto uko chini ya shuka kila siku, na wewe huwezi kusema sentensi mbili bila kurusha mikono yote miwili hewani.

Naelewa kwa nini unamficha mama yako. Hakutaka uende. Ni mimi niliyekaa naye meza hii hii siku tatu nikimbembeleza. Nilimwambia kazi ya kufua na kunyoosha unaijua, nimekufundisha mwenyewe, na kwamba likikupata lolote aje anidai mimi. Kwa hiyo usidhani unamficha yeye peke yake. Mimi ndiye nitakayedaiwa, na nina haki ya kujua nimepoteza nini. Sitakugombeza. Nikigombeza nitakuwa najigombeza mwenyewe.

Kama nimekosea, nicheke mpaka uchoke, na ukirudi uwahadithie watu jinsi mama yako mkubwa alivyokulaza hospitali kwa sababu ya reli ya pazia. Nitacheka nao, naapa.

Barua hii nitampa karani yule yule kesho asubuhi. Juu ya bahasha nimeandika jina lako tu. Anuani nimemwachia aijaze yeye, kwa kuwa yeye anajua uliko.

Mama yako anakusalimu bila kujua kwamba nakuandikia. Kaka yako na kitambi chake wanakusalimu. Msusi anakusalimu, na anakana kuwa aliwahi kusema lolote. Fundi saa anasema ukirudi umpelekee saa yako ya mkononi aitie betri, hatakulipisha. Mungu akuangalie huko uliko, hata kama mimi sijui ni wapi, na akuzungushie watu wenye huruma.

Sasa nisikilize. Ukishaisoma barua hii, usiandike chochote kwenye simu. Jumapili upige kama kawaida. Nitakaa upande wa mama yako wa kulia, karibu na kioo cha simu. Zungumza naye ya kwenu, ya chakula, ya hali ya hewa. Mwisho, unapoaga, tupungie mkono wa kushoto. Kama una bandeji, punga hivyo hivyo, useme umejikwaruza. Mama yako ataona mwanawe anaaga. Mimi nitahesabu.

Akupendaye kwa vidole vyako vyote,
Mama yako mkubwa.