Anayemtafuta Kiota

Jumatatu, 4 Machi

Kikundi changu cha ushauri kimejaa leo. Hata wenye visirani wamekuja. Tulipanga viti duara, lakini hakuna mwanajeshi mstaafu anayekubali kuupa mlango mgongo, kwa hiyo duara letu limeishia kuwa mstari — tumebanana ukutani kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya pasipoti. Nilipohamishiwa kituo hiki kutoka wodi ya watoto nilikuwa navirudisha viti mahali pake. Siku hizi nami nakaa ukutani. Na kusema kweli, mgongo unatulia!

Mzee Buti, yule anayeng'arisha viatu mpaka unajiona sura, katuambia aliweza kukaa kwenye harusi ya mpwa wake mpaka muziki ulipoanza. Makofi. Yeye akainua mkono: mpaka ulipoanza, maafande, msinipambe.

Mama Redio hakusema kitu. Mwanamke pekee kikundini. Jeshini alikuwa mtu wa mawasiliano — anakaa kambini, hedfoni masikioni, anaongea na walioko mbele. Sasa anashona sare za shule nyumbani kwake. Anakuja, anakaa, anasikiliza, anaondoka. Anasikiliza vizuri kuliko mimi ninayelipwa.

Halafu simu ya Mpishi ikalia. (Alipikia kikosi kizima, jina likamganda.) Tumekubaliana simu zizimwe! Kabla haijalia mara ya pili, Mama Redio alishatoka. Nikamkuta bombani uani, ananawa mikono isiyo na uchafu. Nikanawa na mimi. Tukanawa kimya kimya mpaka akasema mwenyewe: binti yake yuko ng'ambo, amejifungua, kila siku anampigia. Mama pokea basi, umsikie mjukuu wako. Hajapokea hata mara moja.

"Sauti isiyo na uso, mwanangu, siiwezi."

Nyumbani mama mkwe kaniuliza tena kama kweli serikali inanilipa kwa kupiga soga. Nikamwambia ndiyo, na leo imenilipa kwa kunawa mikono pia.

Jumatano, 6 Machi

Amesema. Amesema! Kaja mwenyewe, peke yake, kakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayepita tu.

Jina lake la redioni lilikuwa Kiota. Kila kambi na jina lake. Mchana mmoja doria ya vijana ikavamiwa. Kiongozi wao akaita: Kiota, hapa Panzi, tumevamiwa, leteni msaada. Kisha kimya. Mkubwa wake akamwambia endelea kuwaita. Akaita. Akaita. Maneno ya kijeshi yakamwishia, na barabara imekatika, msaada haupiti. Akaona aibu kuwaachia kimya kitupu. Basi akaanza kuwasimulia mambo ya nyumbani. Namna ya kupepeta mchele usimwagike. Shangazi yake na jogoo wake mkorofi, aliyekuwa akimkimbiza mchumba wa shangazi hadi barabarani, mtu mzima na suti yake. Akasimulia alasiri nzima. Mpaka wenzake wakamvua hedfoni kwa nguvu.

Baadaye kambi ikahamishwa, vita ikachachamaa, na kila aliyemuuliza habari za ile doria alimjibu neno moja: walikwisha.

"Nilikuwa nachekesha maiti," akasema. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Nimesomea haya. Vitabu vyote vile! Mdomo wangu ukajisemea wenyewe: na yule mchumba, mama, alimwoa shangazi?

Nikadhani nimeharibu. Kisha nikaona meno yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hapo nilikuwa sijafika."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Paa la ofisi linavuja juu ya kompyuta moja nzima tuliyo nayo. Mkuu wa kituo kaifunika na koti lake na kushinda siku nzima akitetemeka. Baba watoto kapika leo. Chumvi, Mungu wangu.

Jumanne, 12 Machi

Niandike taratibu.

Asubuhi simu ya ofisi. Mwanaume. Koplo mstaafu, anaishi mji mwingine, anapigia kila kituo cha wastaafu anachopata namba yake. Anasema anamtafuta mwanamke. Jina hajui, sura hajui. Naijua sauti yake tu, dada yangu, tulikuwa tunamwita Kiota.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Sijui nilikiweka wapi. Mkuu kakikuta jioni ndani ya droo ya faili, kimejaa.

Nikamwacha aongee. Alikuwa kwenye ile doria, yeye ndiye aliyebeba redio. Alianguka mtaroni, mguu umevunjika, na redio ikaangukia jiwe. Kitufe cha kusemea kikavunjika. Kusikia, inasikia. Kujibu, haiwezi. Akalala pale na wenzake ambao hawakuamka tena, na sikioni mwake mwanamke anaeleza kupepeta mchele.

"Kila nikitaka kufumba macho, analeta jogoo," akasema. "Utafumbaje macho na jogoo yule?"

Kesho yake wachunga mbuzi wakamkuta. Akapelekwa hospitali ya mbali, ng'ambo ya mpaka, akakaa huko mpaka kikosi chake kikavunjwa. Ana watoto sasa. Yuko kwenye matibabu kama hawa wangu, na mshauri wake ndiye aliyemwambia: mtafute.

Mtu hawezi kumtunga jogoo yule! Lakini sheria ni sheria. Nikamwambia siruhusiwi kusema kama mtu wa namna hiyo yupo kwetu au hayupo, aache namba.

Akaitaja namba. "Sawa, dada. Lakini asiyekuwepo hajibiwi kwa upole hivyo."

Nilitaka nivae viatu niende kwa Mama Redio papo hapo. Mkuu kanizuia mlangoni. Habari njema nayo ni habari, kasema, inaweza kumwangusha mtu kama ile mbaya. Umepanga kumwambia vipi? Akipata mshtuko, nani yuko naye nyumbani? Nikakasirika. Nikakasirika zaidi kwa sababu anasema kweli.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia. Nilijiandaa, nikaenda polepole, nikamuuliza kwanza kama angependa kujua iwapo ingetokea kuna la kujua — yote kama ipasavyo. Nilipofika kwenye kitufe kilichovunjika akasimama.

"Nani kakufundisha mzaha huu?"

Nikasema si mzaha. Akasema anaelewa sasa: nilimtoa hadithi yake kinywani, nimeitia mwisho mzuri, namrudishia kama dawa. "Mimi si mtoto wa ile wodi yako. Usinitibu kwa ngano."

Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, kwa adabu zote. Ndicho kinachoniuma.

Jumamosi, 16 Machi

Sijafua, sijapiga pasi. Nimekaa tu. Mama mkwe kaniangalia wee, mwishowe akaja kukaa karibu na kuanza kuchambua mchele. Siwezi kumweleza habari za watu, anajua. Nikamwambia tu kwamba nilimpelekea mtu furaha na akanirushia usoni.

Hakucheka. Kasema mtu aliyezoea msiba, ukimpa furaha ataigeuza pande zote kama nguo ya mtumba, atafute palipochanika. "Mwache aigeuze. Akiikuta nzima ataivaa."

Mama huyu! Na mimi nikidhani hapendi kazi yangu.

Jumatano, 20 Machi

Jumatatu hakuja kikundini. Wanaume waliacha kiti chake wazi bila kuambizana. Mzee Buti akaniuliza kama anaumwa, nikasema sina ruhusa, akasema basi msalimie ukimwona, mwambie Mpishi tumemnyang'anya simu.

Jana tulikaa na mkuu tukafikiri upya. Shaka ya Mama Redio ni kwamba maneno ni yangu. Basi asisikie maneno yangu. Nikampigia Koplo: kama mtu huyo angekuwepo — kama! — ungependa kumwambia nini kwa sauti yako? Akanitumia ujumbe wa sauti usiofika nusu dakika.

Leo nimeenda kwake. Chumba kimoja na veranda, sare za bluu zimetundikwa kila mahali kama watoto wasio na vichwa. Cherehani inaunguruma. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Anashona, mimi nimesimama. Nikamfikishia salamu za Mzee Buti na habari za simu ya Mpishi. Mdomo ukacheza kidogo. Nikamwambia nina sauti hapa, si yangu, nitaiweka mezani, ukisema hapana nitaondoka nayo na sitaitaja tena.

Mguu ukaendelea kukanyaga. Lakini kichwa kikainama — kidogo tu.

Nikabonyeza.

"Kiota, Kiota, hapa Panzi. Nimekupata vizuri. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Ova."

Mguu ukaacha pedeli.

Sindano ilikuwa imezama katikati ya kola ya mtoto wa watu. Akaweka vidole viwili sikioni, hivi, kama anayebana hedfoni, na mkono mwingine ukanyooka kwenye simu yangu. Hakujua pa kubonyeza. Nikamwonyesha. Akasikiliza tena. Na tena. Mara ya mwisho alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayehesabiwa deni lililokwisha.

"Ana mafua," akasema.

"Ndiyo, mama. Nadhani ana mafua."

"Na mguu?"

"Anatembea. Kwa fimbo."

"Na wengine?"

Hilo nilikuwa naliogopa njia nzima. Nikamwambia ukweli: ni yeye tu. Akakubali kwa kichwa, akakaa nalo. Machozi yakaanza kushuka, hakuyafuta, akayaacha yaangukie kitambaa. Nikakaa chini, kwenye sakafu, kwa kuwa kiti kilikuwa na sare.

Tulipoagana akanishika mkono. Nisimwambie yule kijana neno. "Nitamwambia mwenyewe. Ila si kwa simu. Aje nimwone."

Kijana! Koplo ana upara, mwenyewe kanieleza. Lakini kwake bado ni kijana.

Ijumaa, 22 Machi

Imepangwa. Jumatatu asubuhi, kile chumba kidogo, si kikundini. Mkuu kaongea na mshauri wa Koplo. Tumekubaliana: yeyote akisema basi, ni basi. Nina hofu mbili. Kwamba ataanguka yeye, na kwamba ataanguka Koplo. Ya tatu ni kwamba nitalia mimi mbele ya wote.

Mama Redio kapita kuulizia saa. Amevaa blauzi mpya, kaishona juzi na jana. Akiwa mlangoni, kama vile jambo limemjia tu:

"Mtoto wa miezi mitatu anatoa sauti gani? Nimesahau."

Nikamwambia ni kama njiwa. Wanaguna. Wengine wanacheka.

"Hm," akasema, akaenda zake.

Jumatatu, 25 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido. Lazima mikono ifanye kitu.

Nilikiahirisha kikundi cha leo. Wamekuja hivyo hivyo! Mzee Buti yuko kulia kwangu, Mpishi kushoto, wanasoma tangazo la kunawa mikono kama lina matokeo ya mpira. Ati walikuwa wanapita. Sijawaambia lolote — Mama Redio ndiye aliyewaambia, huko langoni, asubuhi.

Koplo kafika mapema. Mrefu, fimbo, upara kweli, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Anatoka jasho. Nikamuuliza kama anataka kupumzika kwanza. Akasema amepumzika miaka mingi mno.

Mama Redio alikuwa ndani tayari. Alitoa sharti moja: asimwone kabla hajamsikia. Basi Koplo akasimama nje ya mlango, akakohoa, akashika fimbo mikono miwili.

"Kiota?"

Ndani, kimya. Nikawaza: simamisha, simamisha sasa hivi.

"Nimekupata," sauti ikasema. Sikuijua! Si ile ya bombani. Imenyooka, tulivu, ya mtu wa kazini. "Ingia, mwanangu."

Akaingia. Nikaingia nyuma yake kama ilivyopangwa. Walikuwa wameshikana viganja, wanakaguana nyuso. Kisha Mama Redio akanigeukia, kwa heshima kabisa, akaniomba niwapishe. Mimi! Nikamwangalia Koplo, akaitikia kwa kichwa. Nikatoka.

Mlango umefungwa. Mwanzo nilisikia yeye mama, kisha yeye Koplo, muda mrefu. Kisha hakuna kitu. Mkuu kapita, kaniuliza kwa macho kama nitaingia, nikakataa kwa kichwa, ingawa kitasa nimekishika mara mbili.

Sasa kuna sauti. Ya kooni, ya kukatika katika. Mzee Buti ananong'ona kwamba analia. Mpishi anasema wewe nawe, huyo anacheka, mimi namjua mtu anayecheka. Wote wawili wananitazama mimi niliyesomea. Sijui. Kwa haki ya Mungu sijui. Na sasa sauti ziko mbili.

Mlango umefunguka. Mama Redio. Uso umelowa wote, kilemba kimeenda upande. Hakuniangalia mimi, amewaangalia hawa wawili.

"Nyie mnaopita. Leteni viti, mje mmsikie kijana huyu anavyomsimulia jogoo."

Vingapi, mama? nikauliza. Hakujibu, amesharudi ndani. Mzee Buti kabeba viwili, Mpishi anatafuta pa kuweka kofia, na kiti cha mwisho wamenisukumia mimi —