Masale Ndani ya Kopo

Arusha, Juni 1954

Kwa mdogo wangu Elieshi, Makumira.

Shikamoo yako uliyompa mumeo imenifika, marahaba. Natumaini goti lako limetulia na baridi hii, na yule ng'ombe mkaidi amezaa salama. Mimi ni mzima. Nalala chini kando ya kitanda cha mjukuu wangu Nosim, mgongo unalalamika, nami siusikilizi. Anayeniandikia ni Philemoni, dresa anayefunga vidonda wodi hii. Nimemwonya asilainishe neno langu hata moja, na atakayekusomea asilainishe vilevile.

Najua umekwisha kusikia. Watu wanaokuja kuona wagonjwa hurudi na maneno mengi kuliko ndizi walizoleta. Watakuwa wamekwambia Nakaaya ameyatupa masale yako. Kaa kitako nikueleze mwenyewe.

Chungu cha pombe ya mbege kilichokuwa kikichemka kilipommwagikia Nosim mapajani pale kwako, nilikutukana mbele ya majirani na nikaapa sitaonja hata maji ya nyumba yako. Nilikuwa bado nimenuna hivyo mumeo Melkizedeki alipoingia wodini na masale, ameyabeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Wewe ni mjanja, Elieshi. Unajua kwetu anayeletewa majani hayo kuombwa msamaha hawezi kusema hapana, hata awe amefura namna gani. Nikayapokea. Nikayatia kwenye kopo la maji kando ya kichwa cha Nosim yasinyauke, ili kila ajaye aone kwamba tumepatana.

Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka. Kisha bandeji zikaanza kutoka na rangi ya kijani, kama shingo ya njiwa juani, na harufu tamutamu ya kichefuchefu kama ndizi mbivu zilizosahaulika chunguni. Homa ikapanda. Sindano za penisilini zikawa kama maji.

Ndipo akaja Balbir Singh, kalasinga wa maabara, ambaye tangu mwaka jana kazi yake ni kumchunguza mdudu wa usaha huo wa kijani. Akapitisha pamba kwenye sabuni, ndoo, beseni na kopo langu. Alipofika kwenye vidole vyangu nilimwuliza kama anataka kuniposa, aseme basi wazee wakae. Alicheka mpaka kilemba kikatikisika. Akanieleza kwamba mdudu huyo anakaa majini na udongoni kila mahali, wewe na mimi tumemnywa tangu utotoni, na mwenye afya hamfanyi kitu. Anangoja mwenye ngozi iliyobanduka na mwili uliochoka. Nikamwambia namfahamu sana, ni kama yule jirani wa baba aliyengoja baba augue ndipo akasogeza mpaka wa shamba.

Baadaye akaniletea visahani anavyowakuzia wadudu wake. Kile cha kidonda cha Nosim kilikuwa kijani, na kile cha kopo la masale kijani kilekile, harufu ileile. Akaomba masale yatoke. Nikakataa. Nilimwambia kuyatupa ni kumkana ndugu yangu wa tumbo moja, heri atoe kitanda. Hakubishana. Alisema hawezi kuapa kama mdudu alitoka koponi kwenda kwa mtoto, au kwa mtoto kuja koponi, ila maji yale yakibaki pale, kidonda kitaoshwa bure. Siku hiyohiyo Nosim akaacha kunitambua. Akaniita kwa jina la mama yake marehemu.

Sasa sikia. Hakuna muuguzi aliyeyagusa. Ni mimi. Niliyabeba hadi kwenye tanuru la takataka nikayachoma mchana kweupe, na wanawake wa Kimandolu waliokuja kuona wagonjwa wao wakashika vichwa. Na nikiyatazama yakiungua nilijua jambo ambalo hakuna aliyelijua, hata wewe: siku nilipoyapokea nilikuwa sijakusamehe. Nilipokea majani tu. Nimekusamehe pale tanuruni, Elieshi, mikono mitupu, bila jani la kunilazimisha.

Wala usianze kulia kwamba umemwumiza mtoto mara mbili. Balbir hakusema hivyo, na mwingine akisema nitamng'oa meno.

Sasa kidonda kinaoshwa kwa siki. Nosim anapiga kelele za kuamsha Momela nzima na kuniita bibi mchawi. Nami namshika miguu, siachii, maana mtoto wa kutukana hivyo hana nia ya kufa. Kijani kinapungua. Jana aliomba uji, kisha akakuulizia wewe. Anadai hadithi ya fisi naiharibu mimi.

Basi njoo. Mlangoni utanawa kwa sabuni hadi viwiko, Philemoni amesimama pale kama askari. Usilete jani, usilete ua. Leta maziwa yaliyochemshwa, na hiyo hadithi. Ukitoka hapa nitafuatana nawe mpaka Makumira ninywe maji ya nyumba yako.

Msalimu Melkizedeki, mwambie alibeba vizuri. Wasalimu wanao wote, na huyo ng'ombe.

Ni mimi dada yako,
Nakaaya

Alama hii ya dole gumba ni yangu. Nimenawa kwanza.