Anayekula Elektroni

Jumatatu, 7 Septemba 1953
Nimetoa hewa kwenye mrija wa kioo, nimejaza gesi safi. Sindano ya kipimo cha umeme imesimama panapotakiwa. Ijumaa iliyopita iliporomoka. Na Ijumaa ya kabla yake. Mbali na mimi fundi na Bwana, mzungu mwenye utafiti, mwenye ufunguo wa kibanda cha majaribio ni Shomari, mlinzi wa usiku. Kaka wa mke wangu. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hii. Akiharibu yeye, tunafukuzwa wote. Simwamini tena.

Jumatano, 9 Septemba
Bwana amenieleza. Taa ikimulika bamba la chuma ndani ya mrija, elektroni hutoka. Zikigongana na gesi safi hupungua mwendo, lakini hubaki huru. Ikipenya gesi mbaya, hata kidogo, zile za polepole hunaswa na molekuli zake. Molekuli ni nzito, inajikokota. Umeme unapungua, sindano inashuka.
Akasema kwa Kiswahili chake, "Iko kitu nakula elektroni." Nyapara alikuwa dirishani. Sikupenda alivyotikisa kichwa.

Ijumaa, 11 Septemba
Imeanguka tena. Shomari katoka zamu na kanzu nyeupe pe, ananukia kitu kitamu. Harufu naijua, sikumbuki ya wapi. Nimemuuliza alikuwa akifanya nini mle ndani.
"Shemeji, nawe umekuwa polisi?" Akacheka.
Mimi sikucheka. Nimemwambia nyapara amwangalie.

Jumamosi, 12 Septemba
Mambo yamekwenda mrama. Nyapara anadhani elektroni ni mali ya kuibwa, kama nyaya za shaba. Nyumba ya Shomari kule Kibuta imepekuliwa, godoro nje, majirani wanatazama. Nilisimama mlangoni. Kimepatikana kichupa cha dawa yetu ya kuondolea grisi kwenye vyuma. Kumbe alikuwa akifutia madoa ya kanzu kibandani, apate kwenda msikitini Ijumaa akiwa safi. Kasimamishwa kazi. Naona aibu.

Jumatatu, 14 Septemba
Bwana kafungua kichupa karibu na kiungo cha mrija. Sindano chini. Kiungo kinavuja, na mvuke wa dawa ndio unaozinasa elektroni. Kafurahi sana. Shomari arudi kazini, amesema. Nyapara bado anauliza, basi elektroni kala nani?

Alhamisi, 17 Septemba
Nimekwenda Kibuta kumwita. Kanikaribisha vizuri. Mkeka, mihogo, maji ya kunawa. Kazi hataki. Kanisindikiza mpaka njiani.
"Haya, Bwana Fundi, ufike salama."
Nyumbani mke wangu kauliza habari za kaka yake. Nimesema mzima.