Habari za Kuungua Kwako Zilivyotufikia

Karakana ya Mota,
chumba cha nyuma.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mpwa wangu Betri,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko simu unazopokea kazini, na hizi hazina malalamiko. Hujambo? Unakula? Usingizi unakuja? Safari hii jibu ukweli, maana kwenye simu ulisema "sijambo" haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango mgeni bado yuko nje.

Sisi huku wazima. Goti la bibi yako bado linatabiri mvua, na bado linakosea.

Nimeshika kalamu kwa sababu juzi kwenye simu ulituona tunacheka tu, hukujua tumetokea wapi. Ujumbe wako ulimkuta mama yako anapiga pasi gauni la mteja. "Mama, nimeungua. Kazini wameniambia nipumzike. Naogopa kurudi nyumbani mnione hivi." Basi, ukaishia hapo. Sasa najua ulikuwa unatafsiri Kiingereza cha ofisini kwenu huko ng'ambo, ambako mtu akichoka mpaka rohoni husema ameungua. Lakini mama yako hafanyi kazi ofisini kwenu. Alipiga yowe, akaiacha pasi juu ya gauni, na hapo ndipo kitu kilipoungua kweli.

"Ni uso! Angeungua mkono asingeogopa tumwone!"

Baba yako akatoka bafuni na povu masikioni. "Moto gani? Wa gesi au wa umeme?"

Mimi nikasema kwa sauti ya upole kwamba bila shaka ni mafuta ya kukaangia. Ushahidi sikuwa nao, ila nimegundua kwamba kwenye kelele anayeongea polepole ndiye huaminiwa. Mama yako akatimua mbio hadi duka la dawa, akarudi na tyubu za dawa ya moto za kutosha kupaka mtaa mzima.

Ndipo tukakupigia ile simu ya video. "Geuka. Geuka na huku. Mbona hata nyusi zipo?" Tukacheka, nawe ukacheka, halafu ukalia, halafu ukatueleza: wateja wanaokutukana kutwa nzima, asubuhi unayokaa kitandani ukiangalia viatu vyako kana kwamba ni vya mtu mwingine. Tukakwambia uje. Ukasema utafikiria, simu ikakatika. Nadhani uliikata, lakini hilo tuliache.

Baada ya hapo tukahamia jikoni kukujadili, maana katika familia hii mtu hajadiliwi akiwepo.

"Hiyo klachi," alisema baba yako. Unamjua, dunia yote kwake ni lori. "Kapanda mlima mrefu mguu uko juu ya klachi. Hata lori jipya lingenuka."

Mimi nikasema hapana, ni mota. Mota haiunguzwi na kazi, inaunguzwa na kukosa nafasi ya kupoa. Tukabishana vizuri tu, mpaka mama yako akasema lile lililokuwa linamkaba. "Na akirudi, watu si watasema kafukuzwa? Labda ajikaze kidogo."

Bibi yako alikuwa kwenye sufuria, ametupa mgongo. "Mkwe, maharage yakishika chini unafanyaje?"

"Nakoroga, mama."

"Ndiyo maana hatukuiti jikoni! Ukikoroga umesambaza uchungu sufuria nzima. Unaipua, unahamisha ya juu, unayaacha yatulie. Mtoto kasema mwenyewe ameshika chini, na nyinyi mmekuja na miiko. Msimkoroge!"

Kesho yake mwenye gauni alikuja, na kwa kuwa ana masikio marefu, akauliza eti ni kweli binti wa ng'ambo ana matatizo kazini. Nilikuwa mlangoni, nimejifanya natengeneza bawaba. Mama yako akamtazama usoni.

"Binti yangu amechoka, anakuja kupumzika. Na gauni lako limeungua."

Yote mawili kwa pumzi moja, bila kuinamisha kichwa. Mwenye gauni hakujua ashike lipi.

Kwa hiyo, Betri, ile aibu uliyokuwa unaiogopa imeshatumika, haipo tena. Waambie kazini umekubali kupumzika. Uje na usingizi wako wote, hapa hakuna atakayekuuliza swali kabla hujamaliza kulala. Mama yako ameahidi. Mimi nimeahidi nusu.

Baba yako anakusalimu, anasema ushushe gia. Bibi yako anakusalimu sana. Zile tyubu amezichukua yeye, anapaka gotini, na anadai sasa linatabiri sawasawa. Mama yako hasalimu, anasubiri. Mungu akulaze salama na akuamshe ukiwa na hamu ya chai.

Jambo moja nisisahau. Jana niliingia chumbani kwako kufungua madirisha, nikabonyeza swichi, giza. Taa ilikuwa imeungua. Hiyo nimeitupa, nimeweka nyingine.

Wewe hatuna wa kuweka badala yako. Njoo upoe.

Ni mimi nikupendaye, ukiwaka na ukizimika,

Mjomba wako, Fundi Mota